Kupima mshiko wa mpako wa kinga kwa wimbi la mshtuko la leza: mwongozo kamili

Fundi wa vigae akimaliza kazi hupita sakafuni akigonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Kikitoa sauti nzito, kimeshika. Kikilia kama debe tupu, chini kuna uvungu. Ni kipimo kizuri na hakina gharama, ila kinasema jambo moja tu, kwamba kilichoachia kimeachia. Kigae kilichoshika kingehitaji nguvu kiasi gani ili kibanduke? Hapo mpini wa mwiko hauna jibu.

Wanaotengeneza mipako ya kinga wana swali hilohilo, na kwao lina bei kubwa. Mfano ninaoutumia humu ni mpako wa zirkonia, aina ya kauri, unaokinga sehemu za turbini ya gesi dhidi ya joto. Chini kuna aloi ya nikeli, juu yake tabaka la kushikisha, kisha utando wa oksidi ya alumini wenye unene wa maikromita chache ambao hukua wenyewe kwenye joto, na juu kabisa zirkonia iliyotiwa yitria, aghalabu kati ya maikromita 100 na 250. Zirkonia ikibanduka, chuma kinabaki uchi mbele ya gesi yenye joto linalozidi uwezo wake.

Njia iliyozoeleka ni kuvuta. Unagundisha silinda ya chuma juu ya mpako, unaacha gundi iive, kisha mashine inavuta hadi kitu kikatike. Kwa mipako ya kunyunyiziwa kwa joto kuna kiwango cha ASTM C633, na kwa rangi kuna ISO 4624. Shida ni gundi. Hata gundi kali za kazi hii huishiwa nguvu kwenye megapaskali makumi kadhaa. Mpako ukiwa umeshika kuliko hapo, ulichopima ni gundi yako. Tena mpako wenye vinyweleo huinywa gundi hadi chini, ikageuka kuwa sehemu ya mshiko unaoupima.

Leza haihitaji gundi. Inapiga upande wa chuma, wimbi linapita hadi upande wa mpako, linarudi, na katika kurudi linauvuta mpako kutoka ndani. Wazo lenyewe si jipya: mwaka 1970 Anderholm alionyesha kwamba plazima ya leza, yaani gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme, ikifunikwa kwa kitu kiangavu hutoa mshtuko mkubwa zaidi, na mwaka 1978 Vossen akaeleza jinsi ya kubandua tabaka jembamba kwa leza ili kupima mshiko wake. Baadaye watafiti wa Ufaransa, wakiwemo wa Mines Paris na ENSMA ya Poitiers, waliiendeleza kwa mipako minene na kuizoesha kwa jina la LASAT, kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya kipimo cha mshiko kwa mshtuko wa leza.

Nitakuambia mapema msimamo wangu: kupata kizingiti cha leza kinachobandua mpako ni kazi ya siku moja. Kukigeuza kizingiti hicho kuwa megapaskali unazoweza kuzitetea ni kazi ya wiki kadhaa, na wengi huruka katikati.

Kinachotokea ndani ya nusu ya maikrosekunde

Pulsi ya leza ya takriban nanosekunde 10 inatua juu ya uso wa chuma uliofunikwa na maji. Ngozi nyembamba ya uso inageuka plazima. Plazima inataka kutanuka, maji yanaizuia, basi inasukuma chuma. Msukumo huo ni wa mgandamizo, na kwa sababu ya maji hudumu muda mrefu kuliko pulsi yenyewe, mara mbili au tatu hivi.

Wimbi la mgandamizo linapita kwenye chuma, linavuka mpaka wa mshiko, linaingia kwenye mpako, linafika kwenye uso huru. Nyuma ya uso ule kuna hewa tu, hakuna cha kusukuma. Wimbi linageuka na kurudi likiwa limebadilika: lilikwenda likisukuma, linarudi likivuta. Likikutana na mkia wa wimbi lililokuwa bado linakuja, mvuto halisi unazaliwa. Mvuto huo ukifika kwenye mpaka ukiwa na nguvu kuliko mshiko, mpaka unafunguka.

Ukielewa aya hiyo, hatua zote zinazofuata utaziona zinatoka humo.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kuwasha chochote

Chukua karatasi. Unahitaji namba tano: unene wa chuma, unene wa mpako, kasi ya sauti ndani ya kila kimoja, na muda wa msukumo. Kasi ya sauti ndani ya mpako usiitoe kitabuni. Zirkonia iliyonyunyiziwa au kuoteshwa kwa mvuke ina nyufa na vinyweleo, na sauti humo husafiri polepole sana kuliko ndani ya zirkonia imara. Ipime kwa ultrasauti.

Tuseme chuma kina unene wa mm 2 na kasi ya 5.8 km/s, mpako una mm 0.2 na kasi ya 3 km/s, na msukumo unadumu nanosekunde 20.

Swali la kwanza ni kama mvuto utazaliwa ndani ya mpako wenyewe au kwenye mpaka. Mvuto huanza kujengeka kwenye kina cha takriban nusu ya kasi mara muda, ukihesabu kutoka uso huru. Hapa ni maikromita 3 kwa nanosekunde, mara 20, gawanya kwa mbili: maikromita 30. Mpako wetu una maikromita 200, kwa hiyo wimbi likirejea mpakani limeshageuka mvuto kamili. Ungekuwa na mpako wa maikromita 20, mgandamizo na mvuto vingekuwa bado vinapigana palepale mpakani, na ungehitaji pulsi fupi zaidi. Wakati huohuo angalia upande wa pili wa shilingi: mpako mnene kupita kiasi unaweza kupasuka katikati yake kabla mpaka haujafikiwa, maana mvuto unapita mle kwanza.

Swali la pili ni upana wa duara la leza. Kutoka ukingoni mwa duara huanza mawimbi ya kulegeza yanayokimbilia katikati, na yakiwahi kabla ya mvuto wako, hesabu ya mstari mmoja imeharibika. Kwa mfano wetu, wimbi kuu linahitaji nanosekunde 345 kupita chuma, kisha 133 kwenda na kurudi ndani ya mpako, jumla 478. Kwa duara la kipenyo cha mm 4, wimbi la ukingoni linafika katikati, kwenye kina cha mm 2, baada ya nanosekunde 488 hivi. Tumepona kwa nanosekunde kumi. Kwa duara la mm 2, lingefika baada ya 386, yaani mapema mno. Ndiyo maana watu huchukua duara pana au sampuli nyembamba. Mimi huchagua sampuli nyembamba kila nikiweza, kwa sababu duara pana linakula nishati.

Na nishati ndiyo swali la tatu. Jouli 2 kwa nanosekunde 10 kwenye duara la mm 4 ni gigawati 1.6 kwa kila sentimita ya mraba. Jouli zilezile kwenye duara la mm 2 zinafika 6.4. Usitamani kupanda bila mwisho: ukikaribia gigawati 10, maji yenyewe huanza kugeuka plazima juu ya sampuli na kuziba mwanga usifike chini. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 hali hiyo huja mapema kuliko kwa nanomita 1064.

Hatua ya pili: sampuli

Kata vipande bapa, pande zake mbili ziwe sambamba. Upande wa chuma usawazishwe kwa msasa laini, kisha pima unene sehemu tano kwa maikromita ya mkono. Tofauti ya mm 0.1 ndani ya kipande kimoja inatosha kukuchanganya. Kama chuma kilipigwa mchanga kabla ya kupakwa, andika ukali wa uso, kwa sababu mikwaruzo hiyo ndiyo mizizi ya mpako.

Hapa niseme kitu ambacho wauzaji wa mitambo hawakisemi kwa sauti. Bawa la turbini lenye mifereji ya kupozea ndani haliwezi kupimwa hivi likiwa zima, kwa sababu upande wa pili wa ukuta wake uko ndani ya mfereji. Lazima ulikate, au upime vipande vilivyopakwa pamoja nalo ndani ya tanuru moja. Kukata kwenyewe kunaweza kuanzisha ufa ukingoni mwa mpako, kwa hiyo kata polepole, kwa maji mengi, na usipige karibu na ukingo.

Upande utakaopigwa, bandika utepe wa alumini au paka rangi nyeusi. Kazi yake ni kuwa kafara: leza inaunguza utepe badala ya chuma. Faida ya utepe ni kwamba uso unaopigwa unakuwa alumini daima, hata chuma cha chini kikibadilika, na hivyo msukumo unalinganishika kutoka sampuli hadi sampuli. Bonyeza utepe vizuri, usiache povu la hewa. Povu dogo kama kichwa cha pini huzuia wimbi, na utadhani umekutana na mpako wenye mshiko wa ajabu.

Hatua ya tatu: usalama, na hapa sitaki mzaha

Leza za kazi hii ni za daraja la 4. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani, lakini lenzi ya jicho lako inauona na kuukusanya hadi kwenye retina. Hata mwali uliorudishwa na saa ya mkononi unatosha kukuachia upofu wa kudumu. Vua saa, pete na bangili. Vaa miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi la leza yako hasa; miwani ya 532 haikulindi na 1064. Mlango uwe na swichi inayokata leza ukifunguliwa.

Kapasita za leza hubaki na umeme baada ya kuzimwa, basi kifuniko cha umeme kiachie aliyefunzwa. Weka pia kioo kinene cha plastiki upande wa mpako, maana zirkonia ikibanduka yote kwa pigo moja hutoka kama changarawe. Masikio nayo yakingwe kama utapiga mfululizo.

Hatua ya nne: ijue leza yako

Unahitaji kujua vitu vitatu kwa kila pigo: nishati, umbo la pulsi kwa wakati, na umbo la duara.

Nishati ipimwe mahali sampuli itakapokaa, si mdomoni mwa leza. Kila uso wa kioo usio na rangi ya kuzuia mwakisiko hurudisha takriban asilimia 4, na dirisha moja lina nyuso mbili. Vioo vitatu na dirisha moja njiani, tayari umepoteza kiasi ambacho utakuja kukilaumu kwa mpako.

Kupandisha na kushusha nishati, usicheze na volti za taa za leza. Ukizibadilisha, muda wa pulsi na sura ya duara navyo vinabadilika, na hutajua ni kipi kimebandua mpako. Tumia bamba la nusu wimbi na kichujio cha polari: unazungusha bamba, nishati inashuka, mengine yanabaki yalivyo.

Duara ndilo linalodanganya watu zaidi. Leza nyingi hutoa mwali wenye vilima na mabonde. Wastani unaweza kuwa gigawati 2, kumbe kuna mahali pana 5, na hapo ndipo mpako utakapoanza kufunguka. Weka kipande cha kioo cha kutawanyia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ili duara liwe sawa katikati na pembeni, kisha lipige picha kwa kamera huku mwali ukiwa umepunguzwa. Karatasi ya kuunguza inafaa kwa ukaguzi wa haraka wa asubuhi, haifai kwa ripoti.

Hatua ya tano: maji

Maji yaliyosafishwa, yakitiririka taratibu kama ngozi yenye unene wa mm 1 hadi 3. Yakiwa mazito huanza kucheza, yakiwa membamba pigo linayafukuza. Baada ya kila pigo subiri matone na povu viondoke, kisha futa dirisha la lenzi, kwa sababu maji huruka. Wapo wanaotumia utepe mwangavu badala ya maji, hasa pale ambapo mpako haupaswi kulowa. Unafanya kazi, ila msukumo wake si uleule wa maji, na matokeo ya njia mbili yasichanganywe kwenye jedwali moja.

Hatua ya sita: piga chuma kitupu kwanza

Kabla ya kugusa mpako, chukua kipande cha aloi ileile, unene uleule, bila mpako. Kipige kwa nishati tano au sita tofauti huku ukipima kasi ya uso wa nyuma. Kifaa kinachotumika siku hizi ni kipimakasi cha Dopla cha nyuzi za mwanga. Zamani ilikuwa VISAR, kifaa kingine cha leza cha kupima kasi ya uso. Kwa mwanga wa nanomita 1550, uso ukienda kwa 100 m/s ishara hucheza kwa megahezi 129. Oskiloskopu yoyote nzuri inaifuata.

Mgandamizo uliofika nyuma ni nusu ya msongamano mara kasi ya sauti mara kasi ya uso. Kwa aloi ya nikeli yenye kilo 8,200 kwa mita ya ujazo na 5.8 km/s, uso ukiruka kwa 50 m/s, wimbi lililofika lilikuwa na gigapaskali 1.2 hivi.

Kwa nini usitumie tu mlinganyo wa Fabbro, unaotoa shinikizo moja kwa moja kutoka nguvu ya leza? Unaweza, na ni mwanzo mzuri. Lakini ndani yake mna namba inayoitwa alfa, yaani sehemu ya nishati inayobaki kuwa joto la plazima. Kwa maji na alumini, kwa gigawati 1.6, alfa ya 0.1 inakupa gigapaskali 1.2 na alfa ya 0.25 inakupa 1.8. Tofauti ya nusu nzima, kutokana na namba uliyoichagua mwenyewe. Pigo la chuma kitupu ndilo linalokuambia alfa yako ni ipi.

Hatua ya saba: panda ngazi

Sasa weka sampuli yenye mpako. Kila pigo liwe mahali papya, umbali wa angalau vipenyo viwili kutoka pigo la jirani. Usirudie kupiga mahali pamoja ukiongeza nguvu: pigo la kwanza linaweza kuwa limefungua ufa usioonekana.

Anza chini, mahali una hakika hakuna kitakachotokea. Panda kwa hatua kubwa hadi mpako ubanduke, kisha rudi ugawanye katikati, tena na tena. Ukikaribia kizingiti, piga angalau mara tano kwa kila nguvu. Utaona mawili yameachia na matatu yameshika. Usikasirike, mshiko hauko sawa kila mahali. Kwa hiyo kizingiti si namba moja ila eneo. Chora asilimia ya walioachia dhidi ya nguvu ya leza, utoe nguvu ambayo nusu huachia, pamoja na upana wa eneo. Upana huo aghalabu unasema mengi kuhusu ubora wa karakana kuliko kizingiti chenyewe.

Kwenye daftari andika kila pigo, hata yale yaliyoharibika. Kundi moja nililofanya nalo kazi lilifuta "mapigo mabaya" kumi na moja bila kuandika sababu, na wiki mbili baadaye tukagundua kwamba yote yalitoka kona moja ya bamba, mahali mpako ulikuwa mnene maradufu. Hayakuwa mabaya.

Hatua ya nane: soma doa jeupe

Zirkonia iliyooteshwa kwa mvuke ina zawadi ambayo mipako mingine haina. Inapitisha mwanga kiasi, na chini yake kuna chuma cheusi, hivyo huonekana kijivu. Mpaka ukifunguka hata kidogo, pengo la hewa hurudisha mwanga kabla haujamezwa na chuma, na palepale unaona doa jeupe la mviringo. Hakuna kilichobanduka, hakuna kilichodondoka, ila uvungu unauona kwa macho. Yule fundi wa vigae angefurahi.

Pima kipenyo cha doa. Utaona linakua kadiri nguvu ya leza inavyopanda. Chora kipenyo dhidi ya nguvu, uvute mstari hadi kipenyo kiwe sifuri: hapo ndipo kizingiti kilipo, na umekipata kwa mapigo machache kuliko kwa ngazi. Doa likiwa dogo kuliko duara la leza, ni kawaida. Likiwa pete yenye katikati nzima, mawimbi ya ukingoni yameingilia. Rudi hatua ya kwanza.

Kwa mipako isiyopitisha mwanga, doa halipo. Tumia kamera ya joto au ultrasauti kutafuta uvungu. Kasi ya uso huru nayo hushuhudia: mpako ulioachia unaendelea kuruka peke yake na kasi yake hucheza kwa vipindi vifupi, kila kipindi kikiwa ni safari ya wimbi kwenda na kurudi ndani ya mpako tu. Kama uso wa zirkonia haurudishi mwanga wa kipimo vizuri, ufunike kwa utando mwembamba sana wa alumini, uutaje kwenye ripoti.

Hatua ya tisa: kata uangalie

Ukiniuliza ni hatua ipi isiyorukwa kamwe, ni hii. Chukua mapigo matatu, moja chini ya kizingiti, moja juu kidogo, moja juu sana. Yamwagie resini, yakate katikati, yasugue hadi yang'ae, uyaweke chini ya hadubini ya elektroni.

Unatafuta mahali ufa ulipopita. Je, ni kati ya oksidi na tabaka la kushikisha? Kati ya oksidi na zirkonia? Au ndani ya zirkonia, maikromita 15 juu ya mpaka? Jibu la tatu likitokea, hukupima mshiko, ulipima uimara wa zirkonia yenyewe, na mshiko ni mkubwa kuliko namba uliyonayo. Hilo si matokeo mabaya, ila jina lake ni lingine. Nimesoma ripoti nyingi zenye mkunjo mzuri wa kizingiti zisizo na picha hata moja ya ufa. Siwezi kuzitumia kwa lolote.

Hatua ya kumi: kutoka kizingiti hadi megapaskali

Kama lengo lako ni kulinganisha karakana mbili, au mpako mpya na wa zamani, kwenye chuma kilekile na unene uleule, simama hapa. Kizingiti cha gigawati kinatosha kupanga nani ameshika zaidi.

Ukitaka megapaskali, itabidi uige safari nzima ya wimbi kwa kompyuta. Watu hutumia programu zinazogawa kitu katika vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja, kama LS-DYNA au Abaqus. Ingiza msukumo uliopimwa kwenye hatua ya sita, sifa za kila tabaka, na kanuni ya jinsi chuma kinavyokubali kukunjwa kwa kasi kubwa, kwa sababu wimbi likizidi kikomo cha unyumbufu wa chuma hupoteza nguvu njiani. Ukinzani wa wimbi, yaani msongamano mara kasi ya sauti, nao una kazi: kutoka chuma chenye ukinzani wa takriban 48 kwenda mpako wa 15, mgandamizo unaovuka ni chini ya nusu ya uliofika.

Kabla ya kuamini mvuto ambao programu inakuonyesha mpakani, ilazimishe ikupe kasi ya uso huru ya pigo lililo chini ya kizingiti, uilinganishe na uliyopima. Zikilingana kwa kilele na kwa muda, endelea. Zisipolingana, usibadilishe mshiko ili zilingane! Kosa liko kwenye kasi ya sauti ya mpako, unene, au alfa, kwa mpangilio huo wa uwezekano.

Kwa tabaka jembamba sana, la maikromita chache, kuna njia fupi: mvuto mpakani ni msongamano mara unene mara mchapuko wa uso huru. Tabaka la maikromita 5 lenye kilo 4,000 kwa mita ya ujazo, likipata mchapuko wa 100 m/s ndani ya nanosekunde 10, linavutwa kwa megapaskali 200.

Namba utakayopata huwa kubwa, mara nyingi mamia ya megapaskali, wakati mashine ya kuvuta ilikupa makumi. Usiseme mashine imekosea. Leza inavuta kwa nanosekunde chache, kasoro ndogo hazipati muda wa kukua na kuungana. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, vikae kwenye safu mbili tofauti.

Kinachoingia kwenye ripoti

Urefu wa wimbi la leza, muda wa pulsi, kipenyo na picha ya duara, nishati mahali pa sampuli, aina ya kizuizi na kafara, unene wa kila tabaka, idadi ya mapigo kwa kila nguvu, kizingiti na upana wake, picha ya ufa. Ukitoa megapaskali, toa pia mkunjo wa kasi uliopimwa na ule wa kompyuta kwenye mchoro mmoja.

Na sampuli zenye madoa meupe usizitupe. Pigo la leza limekuachia ufa wa mviringo, wenye ukubwa unaoujua, mahali unapopajua, huku mpako mwingine wote ukiwa mzima. Zirudishe tanurini, uzipashe na kuzipoza kwa mizunguko kwenye joto la nyuzi 1,100, na kila baada ya mizunguko kadhaa zitoe, zipige picha, upime kipenyo. Doa litakaa kimya mizunguko mingi, kisha litaanza kutanuka, na kuanzia hapo pima kila mzunguko.